Aliyetumwa na Ukoo

Hilda alipomwona bibi yake mlangoni, hakumkimbilia. Alirudi nyuma, akashika gauni la nesi na kujibanza ubavuni mwake, kama kifaranga aliyeona kivuli cha mwewe.

Bibi Tadea alibaki amenyoosha mikono isiyo na wa kumkumbatia. Mtoto huyu alimbeba mgongoni tangu hajaota meno, akambembeleza kati ya mibuni ya Kitura mpaka usingizi ukamchukua. Leo anamwogopa.

"Shikamoo, bibi," alisema Eliza, afisa ustawi wa jamii wa kituo cha watoto waliofanyiwa ukatili mjini Mbinga.

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu ukae. Hilda anaingia kuzungumza nami. Atasimulia mara moja tu. Nesi, polisi na mimi tuko chini ya paa moja, ili asizungushwe ofisi hadi ofisi akitoneshwa kidonda."

Mlango ukafungwa. Kwenye benchi alikuwapo Gaudiosa, mama wa Hilda, mjane wa mwana mkubwa wa Bibi Tadea. Hakuinua uso.

"Mama, najua kilichokuleta," alisema. "Baltazar ni mwanao. Lakini Hilda naye ni damu yako."

Ndivyo ilivyokuwa. Baltazar, kitindamimba wake, ndiye aliyemfanyia mtoto unyama. Jambo lilipofichuka, wazee wa ukoo wakiongozwa na Romanus, mdogo wa marehemu mumewe, walimficha Lituhi, kando ya ziwa, kwa jamaa wavuvi. Kisha wakamtuma Bibi Tadea amshawishi mkwewe aiache kesi. "Ya nyumbani humalizwa nyumbani," Romanus alisema, naye akaitikia. Mara ngapi amewaambia wanawake wenzake wa jumuiya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua? Hakujua kuwa maradhi yangekuja kulala chini ya paa lake.

Alifungua kinywa ayatoe maneno aliyotumwa: aibu, jina la ukoo, mtoto atasahau. Hapo ikapenya sauti ya Hilda mlangoni. Maneno hayakusikika, ilisikika sauti tu, nyembamba, ikipanda, ikikwama, kisha ikiendelea. Mtoto wa darasa la tatu alikuwa akiyabeba peke yake maneno ambayo ukoo mzima wa watu wazima ulikuwa umeyakimbia.

Bibi Tadea akafumba kinywa.

"Mkirudi nyumbani," aliuliza baadaye, "nani atakuwa nanyi?"

"Eliza atakuja kututazama. Na tutarudi hapa kwa ushauri, mimi na mtoto. Wengine, mama, wameshaacha hata kunisalimia."

Bibi kizee akainuka, akajifunga kanga upya, akaingia chumba cha askari wa kike.

"Afande, mnamtafuta Baltazar?"

"Tunamtafuta, mama. Ndugu zake wanasema kavuka kwenda Msumbiji."

"Hakuvuka. Yuko Lituhi, kwa binamu yangu Stephano. Andika." Akashika ukingo wa meza. "Mimi ndiye niliyemzaa. Andika na hilo."

Hilda alipotoka, alikwenda kukaa upande wa pili wa mama yake. Bibi akataka kumsogelea.

"Mwache kwanza, bibi," Eliza alimwambia taratibu. "Atakuja mwenyewe akiwa tayari."

Walirudi Kitura kwa gari moja. Uani kwa Bibi Tadea, Romanus na wazee walikuwa wakimsubiri.

"Haya, shemeji, umeyamaliza?"

"Nimeyaanza."

"Unasemaje?"

"Nimewaambia alipo. Mwenye hasira na mimi, nitakuwa kwa Gaudiosa."

Akaingia ndani, akakunja godoro lake, akalitwika kichwani na kupita katikati yao. Hakuna aliyemzuia, hakuna aliyemsaidia. Jua lilikuwa bado halijazama alipobisha hodi kwa mkwewe.

"Ni bibi," alimsikia Gaudiosa akisema ndani. "Hilda, nimfungulie?"

Mlango haukufunguliwa. Bibi Tadea alitua godoro, akakaa juu yake. Hakubisha tena.