Kiti cha Kushoto

Habari ilianza kwa Truphosa, na habari ikianzia kwa Truphosa haihitaji miguu. Ibada ya Jumapili ilipokwisha, Bordesley Green nzima, mtaa wa Birmingham, Uingereza, ilishajua: Kwamboka, mjane wa miaka hamsini na mbili, nesi wa wodi ya mifupa, amepata mwanamume.

"Nimemwona na macho yangu," Truphosa aliapa, mkono mmoja kifuani, mwingine umeshika sambusa. "Edgbaston, kwa geti ya yule Singasinga mzee. Ameingia asubuhi na kibegi. Kutoka, jamani, anacheka peke yake, nywele zimelala upande mmoja!"

"Na ananuka moshi," mwingine akaongeza, maana umbea mtamu haukosi wa kuutia sukari.

Moshi, kusema haki, ulikuwa wa kweli.

Jioni hiyo simu ya Kwamboka ililia. Alikuwa Kerubo, dada yake mkubwa, ambaye watu wote walimwita Mama Derrick. Huyo ndiye aliyempokea uwanja wa ndege miaka ishirini iliyopita, akampa kitanda na koti, akamtafutia kazi ya kutunza wazee, akamfundisha yeye mwenyewe namna ya kumwinua mgonjwa bila kuvunja mgongo. Hakusalimu.

"Kwambo, huyo mtu ni nani?"

"Si mtu, dada. Ni gari."

"Gari ya nani?"

"Yangu."

"Afadhali ingekuwa mtu," Kerubo akasema.

Lilikuwa gari la Kimarekani, jekundu kama pilipili iliyoiva, pua ndefu, kifua kipana, silinda nane, usukani umewekwa kulia kwa ajili ya Uingereza. Yalitengenezwa mia tatu tu, kiwanda kikasema basi. La Kwamboka lilikuwa la ishirini na tisa; namba imechongwa kwenye kibati juu ya dashibodi, na chini ya boneti kuna sahihi ya fundi aliyeifunga injini ile kwa mikono yake, nati baada ya nati. Walilikusudia uwanja wa mbio, kwa hiyo waling'oa kila kisichosaidia mwendo: redio, kiyoyozi, zulia, na kiti chote cha nyuma. Nyuma kulibaki mabomba ya chuma ya kumkinga dereva gari likipinduka.

"Yaani wamekupunguzia vitu," Kerubo aliuliza alipoelezwa, "na wewe ukawaongezea pesa?"

Watu wa kanisani walicheka wiki nzima. Lakini neno lililomchoma Kwamboka lilikuwa lile la mwisho, alilolisema dada yake kabla ya kukata simu: "Gari isiyo na kiti cha nyuma ni ya mtu asiyetaka watu wake."

Lilimchoma kwa sababu lilikuwa na ukweli kiasi. Kwamboka alikuwa na gari jingine, la viti saba, na kwa miaka yote lilikuwa mali ya umma. Lilibeba wamama wa kwaya, masufuria ya arusi, wageni wa uwanja wa ndege na masanduku yao ya unga na majani chai. Hakuwahi kuendesha maili tano bila mtu kumwambia, "Nishushe tu hapo mbele." Ndani ya hili jekundu hapakuwa na wa kushushwa. Jumamosi uwanjani, kofia ngumu kichwani, mikanda imembana mabega, kona ikija mbio, duniani walibaki wawili: yeye na kona. Alipiga vigelegele ndani ya kofia na hakuna aliyemsikia. Akirudi kazini Jumatatu, wagonjwa humwuliza ametoka likizo gani.

Yule Singasinga wa Edgbaston alikuwa Surjit, aliyezaliwa Nakuru, akaja Uingereza akiwa kijana, akafanya kazi kiwanda cha magari cha Longbridge mpaka kilipofungwa. Kiswahili chake kilikuwa bado cha Nakuru. Yeye alikuwa na namba mia moja na kumi na mbili, na gereji yenye nafasi mbili. Nyumba ya Kwamboka haikuwa na hata moja, hivyo gari lake lililala kwa Surjit. Wenye magari hayo hawaulizani jina wala kazi. Huulizana, "Wewe namba ngapi?" na namba ikishatajwa mmekuwa ndugu. Namba sitini, mtu wa Uskoti, mkewe alipojifungua aliwatumia picha ya mtoto kabla hajamtumia shemeji yake.

"Dada yangu ndiye aliyenipokea hapa," Kwamboka alimwambia Surjit. "Jumapili tunaiosha gari. Kwetu kitu kipya kinaoshwa, kinaombewa, na mkubwa ndiye wa kwanza kupanda. Asipopanda, mpigie yule mnunuzi wako wa Solihull anayeitamani gari hii. Siwezi kufurahia kitu ambacho dada yangu anakitemea mate."

"Wewe ni wazimu," Surjit alisema. "Ataleta trela leo leo!"

"Najua."

Jumapili nyumba ilifurika. Watu walikaa kwenye ngazi wakila pilau magotini, chapati zilipitishwa juu ya vichwa, na mkutano wa pili ukaanza jikoni bila mwenyekiti. Injini iliponguruma barabarani, madirisha ya majirani yalifunguka moja baada ya jingine. Surjit alisimama kando na kilemba kipya, akieleza sahihi ya fundi kwa kila aliyeuliza na kwa wengi ambao hawakuuliza.

Kerubo alikuja na fimbo yake. Goti lilikuwa limebadilishwa mwaka uliopita. Aliomba, tena ombi refu, akanyunyiza maji kwenye boneti, akasema amina. Kisha Kwamboka akafungua mlango wa kushoto.

"Karibu, dada."

Kerubo alikitazama kiti. Kilikuwa chini kabisa, karibu na lami, chenye mbavu ndefu pande mbili kama ganda la karanga.

"Wacha vijana waanze."

"Mama Derrick, mkubwa hapitwi," Truphosa aliita kutoka ukutani, sahani mkononi. "Au tuseme hutaki?"

"Nimesema waanze!" Fimbo ikagonga lami, na Kerubo akarudi ndani.

Watu thelathini waliacha kutafuna, na kwa watu wale hilo lilikuwa ajabu kuliko gari. Surjit alimwangalia Kwamboka, mkono ukiwa mfukoni penye simu. Kwamboka alitikisa kichwa: ngoja.

Alimkuta dada yake jikoni, amewafukuza wote, anaosha sufuria ambayo ilishaoshwa.

"Dada, kama umekasirika niambie. Nitaiuza. Kesho haitakuwepo."

"Nani amekasirika?" Kerubo alisugua kwanza, kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo Kwamboka hakuwahi kuisikia. "Umekiona kile kiti? Mimi nikiingia pale, nitatokaje? Na goti hili? Na huu mwili? Mnivute mbele ya Truphosa kama ng'ombe aliyetumbukia shimoni?" Akaweka sufuria chini. "Miaka thelathini nimeinua watu wa nchi hii, Kwambo. Sijawahi kuinuliwa."

Kwamboka alitaka kucheka na kulia, vyote pamoja. Siku zote zile alidhani ni dharau, kumbe ni goti!

"Dada, hebu hesabu walioko hapo nje. Wangapi si nesi wala mtunza wazee?"

Kerubo alifikiri. "Surjit."

"Na waliobaki, nani aliwafundisha?"

Kidevu cha Kerubo kilipanda kidogo.

"Basi hatukuinui. Unasimamia kazi. Wewe unasema, sisi tunafanya."

Walitoka pamoja. Kwamboka hakueleza mengi. Alisema tu, "Jamani, leso," na wanawake wakaelewa kama wodini. Leso nne za kujifunga zilifunguliwa viunoni, zikashikwa juu kuuzunguka mlango kama pazia la kitanda cha hospitali, na walioshika wakageuza nyuso. Hata Truphosa aligeuka, ingawa shingo ilimpa taabu. Ndani ya pazia, Kerubo akaanza kazi yake.

"Mfuko wa plastiki kwenye kiti, nitelezee. Si huo, huo unashika! Haya. Sogeza kiti nyuma. Gertrude, tanua miguu, unasimama kama mwali. Kwambo, shika mkanda wa sketi, si kwapa. Kwapa nilikufundisha lini? Narudi kinyumenyume… makalio kwanza… kichwa changu, chunga kichwa! Moja, mbili…"

Kwenye tatu akawa ndani, na uso wa mtu aliyefaulu mtihani.

"Vizuri," akawaambia. "Gertrude, wewe utarudia."

Leso zikashuka, na barabara nzima ikamwona Mama Derrick ametulia ndani ya kiti chekundu kana kwamba alipimiwa na fundi cherehani. Vigelegele vikapasuka. Surjit aliutoa mkono mfukoni, mtupu, akapiga makofi.

Kwamboka aliwasha injini. Ngurumo ile haikupita masikioni. Ilipanda kutoka sakafuni, ikapitia mgongoni, ikakaa kifuani. Alimwona dada yake akiweka kiganja juu ya moyo wake. Walipita mbele ya hospitali polepole, kwa adabu, kisha barabara ikafunguka na taa ikawa kijani. Kwamboka alikanyaga kidogo tu, ndani ya sheria.

Kerubo alipiga ukelele. Ulikuwa ukelele wa msichana, mrefu, usio na aibu, na ulipokwisha alivuta pumzi akapiga mwingine.

"Hivi ndivyo unavyofanya huko Jumamosi?"

"Hivi hivi, dada."

"Na hakuna anayekuambia umshushe?"

"Hakuna."

Kerubo alicheka mpaka machozi yakatiririka hadi kwenye mikanda.

Waliporudi, foleni ilishapangwa ukutani, Truphosa mbele, pochi kwapani. Gertrude alikuwa tayari na leso.

"Mama Derrick, tukutoe?"

Kerubo aliwatazama wote, mmoja mmoja, kupitia dirishani.

"Nyinyi mmekula?" akauliza.

"Tumekula!"

"Kaleni tena. Kwambo, twende mpaka Longbridge."

"Lakini sasa ni zamu yangu!" Truphosa alilalamika, na akaendelea kulalamika, ila injini ilikuwa imeshanguruma na hakuna aliyesikia.