Selotepu kwenye Mlango wa Friji

Mume wangu ni fundi wa friji. Mtaani wanamwita Barafu, na jina hilo limemvimbisha kichwa. Mama yangu mzazi aliwahi kumuuliza mbele ya watu nyumba atanijengea lini. Barafu akaenda kununua gari-nyumba kuukuu, lenye vitanda, jiko na friji humo humo, akalikarabati mwenyewe mpaka likang'aa, kisha akamwambia, "Nyumba ndiyo hii, mama, tena ina magurudumu. Panda twende tukapumzike ziwani."

Mama akapanda na kikapu chake na sindano zake za sukari, dawa isiyotaka joto. Barafu aliipokea kwa mikono miwili, akaipanga kwenye friji. "Hapa usiwe na wasiwasi, mama. Umefika kwa wenyewe." Mama akatabasamu, nami nikasema moyoni, haya, leo yamekwisha.

Tulipofika ziwani mama akalalamika kiungulia. Akilala chali, chakula kinampanda kooni. Barafu akatafuta mawe bapa, akapandisha magurudumu ya mbele juu yake, upande wa kichwani pa kitanda ukainuka. Mama alilala usingizi mnono, na alipoamka akambariki mkwe wake mpaka nikaona wivu.

Kesho yake maziwa yakachacha ndani ya friji.

Friji ile haina mota. Ni ya gesi. Nyuma yake kuna kimoto kidogo, na kimoto hicho ndicho kinacholeta baridi. Niliposikia habari hiyo mara ya kwanza nilicheka. Barafu alifungua kifuniko cha nje, akapiga magoti. Moto ulikuwa wa bluu, safi kabisa. Akauzima, akasugua masizi kwa mswaki, akatoa kiota cha nyigu kwenye matundu ya hewa, akapaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi aone kama unavuja. Hauvuji. Akawasha tena, tukangoja mpaka asubuhi ya pili. Ndani bado vuguvugu.

"Friji hii ni nzima," aliniambia mimi, ila kwa sauti ya kusikika na wengine. "Kuna mtu anaifungua-fungua."

Garini tulikuwa watatu, na mimi na yeye tulikuwa tunashinda nje. Mama alikuwa anakunywa maji. Akakiweka kikombe chini polepole.

"Ala! Unamsema nani?" nikamuuliza.

"Sijamtaja mtu." Akaenda kwenye sanduku lake la vifaa, akarudi na selotepu, akabandika kipande nusu mlangoni, nusu kwenye fremu. "Karakanani ndivyo tunavyopima. Huu mlango usiguswe mpaka kesho, tujue mbivu na mbichi."

Na mimi, badala ya kumpasha, nikacheka. Nikasema, "Sasa mdokozi wa maziwa atajulikana!" Utani tu, jamani. Mama hakucheka.

Siku hiyo mama alishinda kitandani. Alikuwa akiamka anakunywa maji, anakwenda msalani, anarudi kulala. Barafu akaninong'oneza kwamba tangi la maji la gari litakauka. Nikamwambia kwamba mama yangu namjua, akinuna hulala, mwache zimtoke. Binti wa kumzaa ndiye aliyesema hivyo.

Jioni nikammiminia Barafu chai. Akaitazama bila kuinywa.

"Chai imelala upande," akasema.

"Kunywa bwana, hata ikilala ni chai."

Akajipiga kofi la paji la uso. "Mawe! Mama yangu wee, ni yale mawe!" Akanieleza huku anavaa viatu. Friji ya gesi lazima isimame wima, kwa sababu maji ya dawa yaliyomo kwenye mabomba yake hushuka yenyewe, hayana mota ya kuyasukuma. Gari likiinama yanakwama, na moto unawaka bure. Friji za mota anazotengeneza zimemlevya miaka yote, akasahau kitu kidogo kama hicho. Akayaondoa mawe, gari likatulia sawasawa.

Chai yake ikapoa pale pale. "Nimemwita mama mkwe mwizi," akasema.

"Hukumwita."

"Nimemwita."

Mlango hakuufungua, baridi isije ikatoroka kabla haijajaa. Alitaka aufungue asubuhi mbele ya mama mwenyewe, amwombe radhi kwa ushahidi. Kulipokucha akamwamsha, akainama mbele yake. "Mama, nisamehe. Si wewe, ni mawe niliyoyaweka mwenyewe. Tazama, hata selotepu haijaguswa tangu jana!"

Haijaguswa. Na dawa ya mama ilikuwa humo ndani.

"Mama," nikamuuliza, "jana ulichoma sindano saa ngapi?"

Mama akayatazama mapaja yake. Midomo ilikuwa imemkauka. "Si mlikuwa mmefunga, mwanangu."

"Ungesema basi, mama!"

"Niseme nini? Niguse mlango, halafu niambiwe si ndiwe wewe?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Barafu alikuwa amekwisha kuibandua selotepu, imemganda kidoleni, anaitikisa haitoki.

Zahanati tulifika mbio. Muuguzi alipima sukari, akakitazama kipimo, kisha akatutazama sisi. "Mgonjwa huyu anaishi na nani?"

"Yuko na sisi," tukajibu kwa pamoja, kwa sauti ya chini.

Walimtibu, wakamwangalia hadi alasiri, wakatupatia dawa mpya kwa kuwa ile ilikuwa imeshinda kwenye joto. Tulirudi garini. Barafu akaiweka dawa kwenye friji, na friji kwa kweli ilikuwa baridi ya kuuma vidole. Hakujisifu.

Saa ya sindano ilipofika, mama aliketi ukingoni mwa kitanda. Friji iko pale pale, angenyoosha mkono tu angeufikia mlango. Mikono ikabaki mapajani.

"Baba," akamwambia mkwe wake kwa adabu zote, "naomba unifungulie."

Barafu, mtu anayenifokea tangu tuoane kwa kuchelewa kufunga friji, akaufungua mlango wote, akampa dawa, akakaa chini sakafuni akiwa amejifunika uso. Mlango akauacha wazi. Baridi ikatoka yote ikatujaa miguuni, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kuufunga.