Picha ya Mzinga 212

Mama Apolinaria hapendi maneno mengi. Alisimama mlangoni mwa ofisi yetu ya Isevya, hapa Tabora mjini, mikono imejaa asali mpaka viwikoni, akanipa masharti.

"Tekla, una mpaka Ijumaa. Hiyo mitandao yako ikizidi laki moja na nusu kwa mwezi, tunarudi kwenye daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga hawakusema kompyuta."

Tukirudi kwenye daftari, mimi sina kazi. Hilo hakulisema, lakini sote wawili tulilijua.

Kampuni yake hununua asali kwa warina asali mia tatu, kuanzia Uyui mpaka Ulyankulu, na mnunuzi wetu wa nje anataka kila ndoo ijulikane imetoka mzinga gani. Kumbukumbu zote, pamoja na picha ya kila mzinga, zilikaa kwenye kompyuta moja kuukuu chini ya meza yangu, na kila mwenye mzinga aliweza kuzifungua kwa simu yake. Umeme ukikatika nilikuwa nashika rozari. Nilitaka kuzihamishia kwenye seva za kukodi, zile ambazo wenyewe huziita wingu.

Nikaziandikia kampuni tatu. Ya kwanza ikasema laki mbili na themanini, ya pili laki tatu kasoro kidogo, ya tatu laki mbili na arobaini. Nikakasirika kweli. Kuhifadhi kwenyewe kulikuwa rahisi kwa wote, na kuingiza ni bure kabisa. Pesa ilikuwa kwenye kutoa: mtu akifungua picha kwenye simu yake, wanatoza kwa uzito wa picha.

"Hongo hiyo," Mama Apolinaria akasema nilipomweleza. "Misafara ya zamani ilitozwa hivyo hivyo. Ukitaka mzigo upite, toa."

Sawa, lakini nani alikuwa anatoa mzigo wote huo? Msimu wa kurina ulikuwa bado, hakuna asali mpya inayoingia, hakuna la kuangalia. Mimi nina dosari moja, udadisi, na marehemu mama alinichapa sana kwa ajili yake bila mafanikio. Nikaanza kusoma kwenye kompyuta nani amefungua nini.

Waliofungua picha walikuwa wengi, na kila siku. Nikazifungua na mimi, moja moja, nikacheka peke yangu. Tulipotuma watu vijijini tuliwaagiza wapige picha mzinga na namba yake. Wenye mizinga waliposikia neno picha, wakavaa nguo za kanisani. Kuna familia ya Kigwa, watu kumi na mmoja chini ya mti, bibi kakalishwa kwenye kiti, mbuzi yumo, mzinga hauonekani. Kumbe walikuwa wanawaonyesha mashemeji.

Dawa ilikuwa rahisi: kukata watu, kubakiza mzinga na namba. Picha nzima ningeziweka kwenye diski ya ofisini, anayetaka yake achapiwe. Nikapiga hesabu upya kwa picha nyepesi. Kampuni ya tatu ikashuka mpaka laki moja na elfu kumi na tano, nami nikapiga meza kwa furaha.

Kabla sijaanza kukata, nikaona mstari mmoja unaojirudia. Mzinga 212, Ulyankulu, kila siku saa kumi na mbili asubuhi, simu ile ile, miezi mitano mfululizo. Mfuata nyuki hakosi asali. Nikaipigia ile namba.

"Shikamoo mama. Naitwa Tekla, wa ofisi ya asali, Tabora."

"Marahaba mwanangu." Alikuwa mama mmoja anaitwa Irankunda. Nikamuuliza mzinga wake una tatizo gani hata auangalie kila asubuhi.

"Mzinga hauna tatizo. Namwangalia mzee wangu, Nduwimana. Alifariki Januari, na picha nyingine sina."

Niliona haya sana. Nikamwambia picha za watu tunaziondoa, ila yake nitaichapa iwe kubwa, nimtumie kwa basi, aitundike ukutani.

"Asante mwanangu. Lakini hata ya harusi niliitundika ukutani," akasema. "Ililiwa na mchwa. Na daftari lake la asali, lote. Hapo mlipomweka ninyi mchwa hawafiki. Mwacheni hapo hapo."

Ijumaa nilimpa Mama Apolinaria karatasi moja tu. Akapitisha kidole mstari kwa mstari, midomo ikicheza, mpaka wa mwisho. Hapo kidole kikasimama.

"Mzinga 212, picha nzima, shilingi thelathini kwa mwezi. Huu mbona hukuukata?"

Nikamweleza habari za Irankunda. Sijui kwa nini nilimtajia na mchwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akainua macho kwenye madaftari yake, yaliyopangwa juu ya kabati tangu mwaka alioanza biashara.

"Kumbe na mchwa wanasoma daftari," akasema.

Akafuta mikono kwenye kanga, akachukua kalamu. Nilidhani anatia sahihi, lakini alirudi kwenye ule mstari wa mwisho. Kwenye safu ya muda wa kuhifadhi nilikuwa nimeandika mwaka mmoja, kama mistari mingine yote. Akaukata kwa wino, wala hakuandika mwingine.

"Huyu usimwekee mwisho," akasema, ndipo akatia sahihi.