Zeze la Bartolomayo

Mwenyekiti Stanley alikuja kwangu asubuhi, akakalia kigoda cha mume wangu bila kukaribishwa. Nilimpa maji ya kunywa kama ninavyompa mgeni yeyote. Hakuyagusa. Anajua yametoka kisima gani.

"Shemeji, mgeni kutoka wilayani anakuja kukagua mradi wa maji," alisema. "Boza la maji tumeshaliagiza. Sasa tunamhitaji Bartolomayo na zeze lake. Mpigie arudi. Yaliyopita tumemsamehe."

Wamemsamehe. Utadhani yeye ndiye aliyewakosea.

Kisima chetu, hapa mbele kidogo ya stesheni ya Zuzu, kinatoa maji ya chumvi tangu siku kilipochimbwa. Hata ng'ombe wanayanywa kwa kununa. Lakini siku ya uzinduzi kamati ilileta boza la maji matamu kutoka mjini, ikajaza tangi. Mgeni rasmi akafungua bomba, akanywa, akasifu. Sisi tulishaambiwa tufunge midomo, eti mzalendo haaibishi kijiji chake mbele za watu. Kisha mume wangu akaitwa aimbe. Kwetu Wagogo mwimbaji hapangiwi maneno. Zeze likilia, anaimba linalomjia. Naye akaimba kwa Kigogo kwamba maji ya leo yamekuja na magurudumu, na yataondoka na magurudumu. Mgeni, ambaye hakuelewa hata neno moja, akainuka kucheza. Watu wetu wakainamisha vichwa.

Kuanzia hapo akawa msaliti. Msaliti, mtu ambaye timu ya taifa ikifungwa hali chakula. Kanisani walimwachia benchi zima akae peke yake. Mwishowe akaenda Mpwapwa kuchunga ng'ombe wa watu, na zeze akaondoka nalo.

Tumelima na kuvuna bila yeye, na tumelima tena. Nimemkumbuka mpaka naona haya, mtu mzima mimi. Nikisonga ugali wa uwele, mkono unapima unga wa watu wawili. Mbwa wakibweka upande wa reli, natoka nje, nasimama, narudi ndani. Stanley alilijua hilo, ndiyo maana alikuja kwangu.

Nilipiga. Stanley akataka niweke sauti ya wazi naye asikie, nikaweka.

"Emiliana," alisema Bartolomayo. Nikamweleza nilichotumwa.

Akauliza, "Maji yamekuwa matamu?"

Stanley akanitazama, akaitikia kwa kichwa, kunifundisha jibu. Ningesema ndiyo tu, na mume wangu angepanda basi kesho yake. Mungu ananiona, neno lilinifika kwenye ulimi.

"Bado yana chumvi," nikasema. Nilitaka kulia.

"Basi nakuja."

Stanley akatabasamu, lakini Bartolomayo alikuwa hajamaliza.

"Ile siku nilikosa, mke wangu. Niliimba kwa Kigogo kwa sababu niliogopa. Aliyepaswa kuelewa nikamnyima, nikawachoma nyinyi ambao mlikuwa mnajua tayari. Hiyo dhambi nalala nayo huku. Mwambie Mwenyekiti safari hii naimba kwa Kiswahili."

Tabasamu la Stanley likaisha. Alivua kofia, akaivaa tena. Kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma, maana naye nyumbani kwake wanakunywa maji hayohayo.

"Mwambie asije," alisema kwa sauti ya chini. "Tutatafuta mwimbaji mwingine. Kijiji kitachekwa, shemeji. Huo si uzalendo."

"Wewe umemwita aje kuimba," nilimjibu. "Mimi namwita aje nyumbani. Akifika, mdomo ni wake."

Akasimama. Jua lilishakuwa kali, na kiu ilimshika, maana alinyoosha mkono kwenye kikombe, kisha akaurudisha mfukoni. Akaaga, akaondoka.

Simu ilikuwa bado haijakatwa. Nilimsikia mume wangu akipumua.

"Panda basi la kwanza," nikamwambia. "Na njiani ununue maji ya kunywa."