Bia ya Rangi ya Asali

Hieronimo alilelewa misheni, na sasa alikuwa mtumishi wa Mjerumani mnunuzi wa pembe pale Bagamoyo. Nyumbani kwa bwana huyo zililetwa bia za aina mbili. Ya kila siku ilikuwa nyepesi na chungu. Ile nyingine ilikuwa angavu, rangi ya asali, uchungu wake haba, na utamu wa nafaka iliyokaangwa ulibaki ulimini. Huko Ulaya ililazwa kwenye baridi miezi mingi, hata ukali wake wote ukajificha.

"Hii inashuka kama maziwa," bwana alimwonya, "kisha inakukata miguu. Mgeni mpe bilauri moja tu."

Mchana mmoja, bwana akiwa forodhani, alipita Bwanausi, mgema wa tembo la mnazi na rafiki wa Hieronimo wa siku nyingi. Bwanausi alizoea kuicheka bia ya Wazungu, eti maji ya kusuuzia vibuyu. Hieronimo akaona leo atamkomesha. Akafungua ile kali.

"Ndiyo ile ile nyepesi?" Bwanausi akauliza.

"Ile ile."

Bwanausi akanywa, akalamba povu. "Tamu, lakini nguvu haina." Akajimiminia ya pili, na ya tatu. Hieronimo alibana kicheko akingoja apepesuke. Lakini rafiki yake alisimama imara, akachukua kisu na vibuyu vyake, akaenda kugema. Hieronimo alifungua kinywa amwite. Papo hapo akasikia viatu vya bwana ngazini, akakimbilia kuficha chupa.

Alasiri ukasikika ukelele kutoka minazini. Bwanausi alikuwa ameanguka, nyonga imevunjika. Alipona, ila hakuweza tena kupanda.

Mtaani walisema mgema kalewa tembo lake. Hieronimo akawa anakwenda kwake na kuni na unga, na Mwaija, mke wa Bwanausi, akimwombea dua kila anapotoka. Zile dua zilimchoma. Usiku hakulala, wala mbele ya padri hakuweza kuungama.

Siku moja Bwanausi akamwambia, "Ndugu yangu, tembo sikuonja siku ile, wallahi. Na bia yenu ni maji tu. Kule juu minazi ilinizunguka. Nadhani ni kifafa cha ukoo. Marehemu baba naye alianguka. Nimemkataza mdogo wangu Kibwana asipande tena, na kugema ndiyo kazi pekee anayoijua."

Hieronimo akaliweka chini kapu la unga alilokuja nalo. "Huna kifafa, kaka. Ile bia ilikuwa kali kuliko tembo. Nilijua. Nilikudanganya nipate kukucheka."

Bwanausi akamgeukia. "Kwa hiyo mimi si mgonjwa?"

"Si mgonjwa."

Machozi yakamtoka Bwanausi, na Hieronimo hakujua kama ni ya faraja au ya hasira. "Mwaija! Mwite Kibwana aje achukue kisu." Kisha akageuzia uso ukutani. "Wewe nenda. Usirudi mpaka nikuite."

Mwaija alimfuata mlangoni, akamrudishia kapu la unga.

Masika yalipita, hakuitwa. Alipokutana na Kibwana mjini akiuza tembo, waliamkiana vizuri, lakini kila mara Hieronimo alishindwa kuuliza hali ya Bwanausi.