Kombe Si Chakula

Leo alfajiri nilikuwa nimeshika tochi, Bibi anaosha sahani ya kombe. Maalim alikuwa ameandika aya kwa zafarani, Bibi akamimina maji ya waridi mpaka maandishi yakayeyuka. Mama akanywa gilasi nzima, akafuatisha tende tatu.

"Si daktari alisema asile?" nikanong'ona.

"Kombe si chakula," Bibi akasema. "Ni kinga."

Saa tatu tulikuwa hospitali, Malindi. Mama alikuwa atolewe mawe kwenye nyongo. Daktari wa usingizi, Gachanja, akamwambia apanue mdomo, akatazama koo, akauliza kama kuna jino linalotikisika.

"Ukishalala hutapumua mwenyewe, nitakutia mpira kooni. Tumboni kukiwa na kitu kitapanda, kiingie mapafuni. Watu wanakufa hivyo. Umekula nini tangu usiku?"

"Sijatia kitu mdomoni."

"Hata chai?"

"Chai nishaisahau rangi yake, daktari!"

Nesi Mueni akacheka. Mama akanitupia jicho la kuninyamazisha. Nikatazama viatu.

Mimi hata darasani, jibu nikilijua, sinyooshi mkono. Kitanda kikasukumwa. Kikapita mlango wa kwanza. Wa pili ukafunguliwa.

"Amekula tende," nikasema. Hakuna aliyesikia. Nikakimbia, nikamvuta daktari shati. "Amekula tende tatu! Na kombe! Alfajiri!"

Kitanda kikasimama.

"Kombe ndiyo nini?"

"Muongo huyu!" Mama akasema.

Nikaeleza yote, mpaka saa. Gachanja akatazama saa. "Saa kumi na moja? Tende hizo bado ziko tumboni, mama."

"Ni dua. Dua haidhuru."

"Ombeni dua mpaka mchoke. Lakini tumbo nalitaka tupu." Akamgeukia Mueni. "Mrudishe wodini. Kesho asubuhi, awe wa kwanza."

Mama akageukia ukuta. "Umenivua nguo mbele za watu, Sumeiya."

Bibi amebaki kulala naye. Mimi nimerudishwa Mambrui, kesho nina mtihani. Atakapoulizwa sitakuwepo.

Baada ya Isha nimemwandikia Mama meseji, nikafuta, nikaandika tena: "Shikamoo mama. Kesho daktari akikuuliza, mwambie kweli. Nakuomba. Hata kama umekula kidogo tu."

Ameisoma saa tatu na robo. Saa hizi ni saa sita. Hajajibu.