Mlango wa Chumba cha Baiskeli

Henning alikula supu yetu mwaka mzima, halafu akatuuza bila kuchukua hata senti. Afadhali angechukua. Mwizi ukishamjua ni mwizi unajua pa kumweka, lakini huyu alitupenda.

Alikuja na futi yake kwenye nyumba yetu ya Hamburg, ile tuliyoivamia ikiwa gofu tukaishi humo wote pamoja, jiko moja, ua mmoja. Alikuwa anaandika kitabu kuhusu namna watu wengi wanavyoweza kubanana mjini bila kutoana macho. Akapima kila kitu, mpaka benchi la uani ninapomenyea viazi.

"Dada Wiebke, nyanyua miguu kidogo."

"Pima na makalio basi, uyatie kitabuni."

Siku ya kikao akatuonyesha michoro ya kitabu, tuikubali au tuikatae. Kwetu mtu mmoja akisema hapana, jambo limekufa. Mama Gesine, mkubwa wetu, akasema hapana. Alikuwa ameuona mchoroni mlango wa chumba cha baiskeli kule chini, ule uliofichwa na magurudumu mabovu, unaotokea ua wa jirani. Ndiyo ilikuwa njia yetu ya kutorokea siku polisi wakija.

"Huo ufute, mwanangu."

"Mama, ramani isiyo na mlango ni uongo. Na nani atakisoma? Wasanifu majengo wachache na wake zao."

Alimbembeleza mpaka chai ikapoa. Gesine hakujaliwa mtoto, na huyu alimpenda kama wa tumbo lake. Mwishowe akasema haya, chora.

Kitabu kikatoka. Mwaka uliofuata mwenye kiwanja akashinda kesi ya kututoa, na asubuhi moja polisi wakajaa barabarani. Hatukuogopa. Mlango wa mbele tulikuwa tumeuchomelea vyuma, tukawa madirishani tunawamwagia rangi na kuwauliza kama mama zao wanajua walipo. Tulikuwa bado tunacheka tuliposikia viatu chini yetu, ndani ya nyumba.

Walitokea chumba cha baiskeli. Wa kwanza nilimshindilia sufuria kichwani, akanirudishia kwa ngao mdomoni, meno mawili yakatoka. Nikawa natambaa natema damu huku wenzangu wakiburutwa kwa nywele. Gesine alisimama pale ngazi zinapopanuka, mahali Henning alipopasifu kitabuni kwa kuwa watu hukutana hapo wakapiga soga.

"Hapa ni kwangu," akasema.

Rungu likampata kwenye taya. Alianguka ngazi zote, na kila kipandio nilikisikia. Kamanda wao akamruka akapita. Mkononi alikuwa na karatasi, nakala ya ukurasa wa kitabu cha Henning. Niliitambua kwa benchi langu. Asante ya punda, kweli, mateke.

Henning alikuja hospitali wakati nimekaa na Gesine, ambaye taya lake lilikuwa limefungwa kwa waya. Alikuja na kitabu kipya kifuani.

"Toleo la pili," akasema. "Ule mlango nimeufuta. Sasa ni ukuta mtupu."

"Umeufuta lini?"

"Mwezi huu."

"Na nyumba yetu wameshaibomoa tangu lini?"

Nikakinyakua kile kitabu nikampiga nacho usoni, nikampiga tena, pua ikapasuka. Hakujikinga, na hilo ndilo lililonitia wazimu zaidi. Ningemuua, nasema kweli, kama Gesine asingegonga chuma cha kitanda.

Alikitaka kitabu. Akaomba kalamu kwa vidole, akatafuta ukurasa wetu, akaipangusa damu ya Henning kwa shuka. Akauchora mlango palepale ulipokuwa. Kisha akaandika chini yake, taratibu, herufi kubwa:

TULIKUWEPO. USITUFUTE.

Henning alilia mpaka mabega yakamtikisika. Gesine akamshika mkono. Mimi sikumpa hata kitambaa.